Pamba Haijui Kurudi

Baada ya swala ya alasiri Bi Sikujua alitandika mkeka barazani, akafumua tena mgongo wa sweta. Uzi ulikuwa wa pamba, bluu iliyokoza. Nyeupe aliikataa mumewe Ukasha, dereva wa bodaboda hapo Bungu, siku alipopimwa kifua.

"Pamba nyeupe, mke wangu? Unanipima sweta au sanda?"

Walicheka. Ukasha alitaka kitu cha kuzuia upepo wa alfajiri, kisichomwasha shingo kama masweta ya mtumba. Kabla mikono haijafumwa, watu walifika kijiweni na gari, wakamwita kwa jina lake kamili, akapanda. Pikipiki ilibaki imeegeshwa. Kila aliyeulizwa watu wale wamempeleka wapi alijibu kwamba yeye ni mgeni hapo.

Sikujua alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni, na kufuma alifundishwa hapohapo na Mwalimu Warda. Karatasi ya maelekezo aliifuata kama anavyofuata juzuu, kidole chini ya kila neno. Hata hivyo sweta lilining'inia kama gunia lililomwagwa mkaa.

"Karatasi hii imeandikwa kwa ajili ya sufu," Mwalimu Warda alimwambia. "Sufu ukiivuta, inarudi. Pamba haijui kurudi. Anza na vitanzi vichache, kaza kiunoni, na kwapani upunguze mapema."

Sikujua alifanya hivyo. Kila alichobadilisha alikiandika kwa penseli pembeni mwa karatasi. Mikono yake haikutulia. Hata akisubiri wali uive, vidole vilikuwa vikifuma hewa. Alipomaliza, alilitundika sweta msumarini na kuanza kuchambua mchele.

Mchele ukiwa nusu ungo, sweta lilijaa. Kilitokea kifua, yakafuata mabega, kisha mikono mpaka vifundoni. Juu ya shingo hapakuwa na kitu. Lilikuwa likipumua. Sikujua alisema bismillahi, akalihamishia kitini, maana msumari ungevuta bega. Akaendelea na mchele.

Ijumaa iliyofuata sweta lilikuwa limelegea kifuani. Mwanzoni aliilaumu pamba. Alipopitisha kiganja aliziona mbavu, moja moja. Akafumua ubavuni, na kifua kikaondoka. Akapunguza vitanzi, akashona, na kifua kikarudi, chembamba zaidi. Ikawa ndiyo kazi yake: kufumua, kupunguza, kushona, kuomba dua. Usingizi wake ukawa wa kuku.

Bwanaheri, kaka yake Ukasha, alikuja na maneno ya ukoo.

"Shemeji, ukae eda. Tumsomee khitma, shamba la mpunga ligawanywe, nawe upumue."

"Anapumua yeye," Sikujua alisema, akaonyesha kiti.

Bwanaheri alitazama. Akavua kofia, akashika bega la ndugu yake, akalipima kwa vidole.

"Amekonda."

"Amekonda."

"Basi khitma ingoje." Alikaa kando ya sweta, akalieleza kwamba tairi la nyuma la pikipiki limeisha na vijana wa kijiweni wanamsalimu.

Siku ya pili Sikujua alilikalisha sweta kwenye bodaboda, kati yake na dereva, wakaenda Kibiti, kwenye ofisi wanakoandikishwa waliopotea. Waliokuwa kwenye foleni walisogea ili nalo lipate nafasi kwenye benchi. Mzee mmoja alilipepea kwa kofia yake.

Ofisa aliweka kiganja kifuani pa sweta, akasikiliza.

"Mama, huyu anapumua."

"Ndiyo, bwana. Lakini anapungua. Namjua kwa vitanzi. Kila wiki napunguza, ndiyo maana nina haraka."

"Anayepumua hajafa. Na kwa kuwa umekuja naye, hajapotea. Sasa unamtafuta nani?"

"Namtafuta yeye."

"Si huyu hapa." Ofisa alikwisha kumtazama aliyefuata. "Siku nyingine umvalishe na suruali."

Sikujua alishukuru kwa adabu, kwa sababu hivyo ndivyo alivyolelewa, akalibeba sweta mpaka nyumbani.

Jioni, baada ya maghrib, aliinua mikono akaomba kwa muda mrefu: kwanza apatikane, kisha ashibe, kisha tu asipigwe. Aliposimama kukunja mswala aliona mkono wa kulia wa sweta umelala bapa. Aliubonyeza kutoka chini kwenda juu. Ulikuwa mtupu mpaka kiwikoni. Juu ya kiwiko kulikuwa na joto, jingi kupita kiasi.

Alisema hasbunallah, kwa sauti ya kawaida. Akawasha taa, akachukua penseli, na kwa mwandiko wa darasa la jioni akaandika pembeni mwa karatasi: *Mkono wa kulia, ishia kiwikoni.*

Kisha akafumua, akapunguza, akafunga ukingo taratibu ili usimguse penye maumivu.

Sweta likamkaa.