Swichi Nyekundu

Sirad, fundi wa kompyuta, aliteremka kwenye pikipiki akiwa tayari amefura kwa hasira. Saa nane na nusu mchana mwalimu mkuu, Yakub, alimpigia simu, na badala ya salamu akamwambia: “Kompyuta uliyoigusa Alhamisi imekufa. Njoo uone kazi yako.” Kutoka mjini Masalani hadi shuleni ni dakika ishirini za vumbi, na katika kila dakika maneno hayo yalimchoma upya. Alhamisi alifanya nini? Alipuliza vumbi, akakagua feni, akaacha barua ya nne ya kuomba UPS, lile sanduku la beteri linaloshikilia kompyuta stima ikikatika. Basi.

Mamo, mwalimu wa kompyuta, alimpokea mlangoni pa maabara. Kompyuta tano zilikwisha kufa mwaka huo, moja baada ya nyingine, kila stima ilipokatika na kurudi kwa kishindo. Iliyosalia maabarani ilikuwa hii moja, na ndani yake zilikuwamo alama za miradi ya watahiniwa arobaini na mmoja wa kidato cha nne. Zilipaswa kutumwa kabla ya saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo tovuti ingefungwa, na watahiniwa wote wangekosa matokeo ya somo hilo.

“Una nakala pengine?” Sirad aliuliza.

“Flashi yangu imeliwa na virusi, dada. Nilipanga kununua nyingine Jumamosi.”

“Jumamosi!” Sirad alitupa mkoba mezani. “Haya. Ilikufaje?”

“Asubuhi niliiwasha. Ikalia pa! Moshi kidogo, kisha kimya.”

Sirad hakubahatisha. Alichomeka chaja ya simu kwenye soketi. Simu ikaanza kupokea chaji. Alibadilisha waya wa kompyuta; kimya. Aliufungua mfuniko, akachomoa plagi kubwa inayopeleka umeme kwenye bodi kuu, akakunja kibanio cha karatasi na kuunganisha tundu la waya wa kijani na la waya mweusi. Pawa saplai, kile kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme, kama ni nzima, ikifanyiwa hivyo huzungusha feni yake hata kama haijaunganishwa na kitu kingine. Hii haikuzungusha chochote. Alisogeza pua kwenye matundu yake. Ilinuka kama ngozi iliyoungua.

“Bodi haina alama ya moto. Aliyekufa ni huyu,” alisema, akaigeuza ili aitoe. Hapo mkono wake ukasimama.

Nyuma ya pawa saplai palikuwa na swichi ndogo nyekundu ya kuchagua volti za umeme unaoingia. Alhamisi ilisoma 230. Leo ilisoma 115.

“Nani ameigusa hii?”

Mamo alitazama sakafu.

“Mamo. Nakuuliza. Nani?”

“Mimi,” sauti ilisema mlangoni. Yakub aliingia, ndevu zake za hina zimetangulia, hana haya wala wasiwasi. Alianza kueleza kwa Kisomali. Sirad alimjibu kwa Kiswahili, makusudi, ili Mamo, ambaye kwao Wajir huzungumza Kiborana, asikie kila neno.

“Sema kwa Kiswahili, mwalimu mkuu. Sote tusikie.”

“Sawa. Ijumaa stima ilikuwa dhaifu, taa zimekuwa kama mishumaa. Kompyuta inawaka, inazima. Ngamia akidhoofika, abaayo, dada yangu, si unampunguzia mzigo? Nikaona imeandikwa mia mbili thelathini, nikaishusha mia na kumi na tano. Na wallahi ikawaka! Muulize Mamo. Imefanya kazi siku tatu. Wewe na diploma yako hukufikiria hilo.”

Sirad alihisi damu ikimpanda masikioni. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba ilikuwa kweli: lazima iliwaka. Stima ilishuka hadi karibu nusu, na swichi ikaiambia mashine itegemee nusu.

“Hukumpunguzia mzigo,” alisema polepole. “Ulimfungua koo anywe maradufu, kwa sababu kisima kilikuwa kimekauka. Leo asubuhi stima imerudi yote, na koo bado liko wazi. Mto mzima umeingia. Amepasuka! Umemuua wewe, kisha ukanipigia mimi simu ya matusi!”

“Punguza sauti. Wanafunzi wanasikia.”

“Wasikie! Ni alama zao!”

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na nusu. Kwenda mjini kutafuta kifaa kingine na kurudi kungekula muda wote uliobaki. Shule nzima ilikuwa na kompyuta nyingine moja tu ya aina hiyo. Sirad alichukua bisibisi, akampita Yakub bila kuomba njia, akaingia ofisini kwake.

“Kompyuta yangu usiiguse!”

“Nitaigusa.”

Aliinama kutafuta waya, na chini ya meza akaona taa ya kijani. Alijua ni nini kabla hajapiga magoti. UPS, mpya, karatasi yake ya nailoni bado haijabanduliwa. Ilikuwa imechomekwa friji ndogo. Ndani ya friji mlikuwa na madumu mawili ya maziwa ya ngamia.

Barua nne. Kompyuta tano.

“Ilifika lini?” aliuliza, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini mno.

“Mwezi wa tano. Wageni wa wizara wakija, utawapa maziwa ya moto?”

Sirad aling'oa waya wa friji.

“Maziwa yangu yatachacha!”

“Yakichacha yanywe. Watu wetu wameyanywa hivyo tangu enzi. Alama zikichacha, nani atazinywa?”

Saa kumi na robo pawa saplai ya mwalimu mkuu ilikuwa ndani ya kompyuta ya Mamo. Sirad alihakikisha mara mbili kwamba swichi yake inasoma 230, akachomeka UPS katikati ya mashine na ukuta, akabonyeza. Feni ilinguruma. Alama zote arobaini na moja zilikuwapo. Mamo aliunganisha intaneti ya simu yake, akaanza kutuma.

Alipofika mtahiniwa wa ishirini na tisa, stima ilikatika.

Feni ya dari ilisimama. Mamo alifumba macho. Kisha UPS ikaanza kulia, pi, pi, pi, na skrini ikabaki inang'aa. “Endelea,” Sirad alifoka. “Friji imeichosha beteri hii.”

Saa kumi na dakika arobaini tovuti ilijibu kwamba imepokea zote.

“Alhamdulillahi,” Yakub alisema. “Tumefaulu.”

Neno hilo lilimrudishia Sirad hasira yote. Alifungua daftari la matengenezo. Tarehe alikuwa ameandika, na chini yake: Sababu ya kuharibika. Mbele yake palikuwa wazi. Alimsukumia Yakub kalamu.

Yakub aliinama, akamnong'oneza kwa Kisomali kwamba mambo haya yabaki baina yao, yeye ni kama adeer wake, ami yake.

“Andika, adeer,” Sirad alisema kwa Kiswahili. “Andika aliyegeuza swichi, na mahali UPS ilipokuwa.”

UPS iliendelea kulia. Yakub alimtazama Mamo. Mamo, safari hii, hakutazama sakafu. Mwalimu mkuu aliichukua kalamu, akaandika.

Sirad alisoma hadi nukta ya mwisho. “Mamo, sasa izime kompyuta,” alisema. “Vizuri, kabla beteri haijaisha.”