Shemeji Aangusha Mashua

Gisiri alitoka Kehancha kwenda Mbita kuwasalimia wakwe, si kutengeneza mashua. Mdomo wake ndio uliomponza. Wakiwa mezani alijigamba kwamba kwao, kwa wafugaji ng'ombe, hakuna kamba inayomshinda mtu, na Dolphine, dada mkubwa wa mkewe Rispa, akaweka kikombe chini.

"Afadhali, shemeji. Kesho utanisaidia."

Dolphine alikuwa amerithi mashua ya mbao ya marehemu baba yao, na bado aliitumia kubebea kuni kutoka visiwani. Juma lile henza, ile kamba ya kupandishia tanga, ilikatika tena, juu kabisa kwenye kapi inamopitia, nchani mwa mlingoti. Kamba mpya ilikuwepo, ila hakuna aliyethubutu kupanda kuipitisha. Mlingoti ulikuwa mzee kuliko Dolphine, na ulilia ukiguswa.

Asubuhi Gisiri alisimama ufuoni, suruali kaikunja hadi magotini.

"Panda basi," Dolphine akasema. "Au unangoja ng'ombe wako aje akushike mkono?"

"Mtu mzima hapandi ovyo."

"Rispa alituambia ameolewa na mwanamume. Hakusema ni wa nchi kavu tu."

Wauza omena, wale dagaa wa ziwani, waliokuwa hapo ufuoni wakacheka. Gisiri akawaza jinsi fahali mkaidi anavyolazwa ili apewe dawa. Humpandi, unamleta chini.

Akaomba mashua tupu isogezwe ubavu kwa ukingo. Akafunga kitanzi cha kamba nene mlingotini, akakisukuma juu kwa mti mrefu, kisha akaizungusha ile kamba kwenye kisiki cha ufuoni.

"Vuteni pole pole!"

Wauza omena wakavuta. Mashua ikalala ikiguna, na ncha ya mlingoti ikashuka hadi kifuani pake. Akachungulia ndani ya kapi. Gurudumu lake lilikuwa limelika upande mmoja, limebaki kali kama kisu.

"Hili ndilo linakula kamba zako, shemeji."

Dolphine aliligusa kwa kidole, akakiondoa upesi. Gisiri akalisugua kwa msasa hadi likalainika, akapitisha henza, mashua ikaachiliwa ikainuka.

"Haya, twende tuijaribu," Dolphine akasema.

"Mimi nitawatazama kutoka hapa."

Akarushiwa jaketi la kuokolea. Muda mfupi baadaye alikuwa mashuani katikati ya maji, ameng'ang'ania ubao kwa mikono miwili.

"Shemeji, fungua macho. Tanga limepanda bila kukwama!"

"Nimesikia," Gisiri akajibu.