Mafuta Yaliyoelea

Kadi ya kliniki ya mjukuu wangu Fancy iliandikwa: Ijumaa, tarehe nne Januari 2008, saa mbili asubuhi. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa kisu. Daktari alionya kwamba huyu wa pili asisubiri uchungu, maana ule mshono wa zamani ungeweza kufunguka ndani. Kwa hiyo Ijumaa ilikuwa Ijumaa, si Jumamosi.

Alhamisi hiyo hapakuwa na petroli Nakuru nzima. Kura zilikuwa zimeleta taabu, barabara zimefungwa, na vituo vya mafuta vimetiwa minyororo. Huku kwetu juu, upande wa Menengai, gari moja tu ndilo lingeweza kutembea: kigari cha stima cha Mzee Ajit, fundi ambaye nimemwoshea vipuri miaka ishirini na miwili. Mwanawe Tarun alikileta kutoka India. Watu wa mtaa walikiita pasi, kwa sababu kinachomekwa ukutani.

Asubuhi Mzee alikitoa ili akijaribu. Kikaenda kimya kama paka, akakanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini. Kikagonga tangi la maji.

"Gari la petroli likikosa breki unashuka na gia," akaniambia. "Hili halina gia. Toka hapa mpaka hospitali ni mteremko tupu. Mimi sitaua mjukuu wako, Mama Maxwel."

"Basi tutengeneze."

"Duka gani limefunguliwa leo?"

"Sijataja duka, Mzee. Nimesema tutengeneze."

Akanitazama, akavua kilemba cha kazi, akakifunga upya. Nikajua amekubali. Akazima swichi kubwa iliyo chini ya kiti, tusije tukarushwa na stima, tukapandisha gari kwa jeki na kuliegemeza kwenye mawe.

Kikopo cha mafuta ya breki kilikuwa karibu kitupu. Mzee akapapasa ile pampu ya breki tunayoiita masta: kavu. Akafuata paipu zote kwa tochi: kavu.

"Yamekwenda wapi? Yamepaa mbinguni?"

Nikapasua katoni, nikatandika kipande chini ya kila gurudumu. "Kanyaga pole pole, ushikilie."

Akakanyaga. Mimi nikalala ubavu, nikangoja.

"Unapika nini huko chini?"

"Maharagwe. Kanyaga."

Yakachukua muda kama maharagwe kweli. Halafu tone moja likaanguka nyuma, kushoto. Tulipovua dramu, kile kifuniko cha breki cha gurudumu lile, tukakuta ndani kumelowa chapachapa. Mafuta yalikuwa yakijificha humo, ndiyo maana hatukuona kidimbwi. Mzee akachomoa raba ya silinda, ile inayozuia mafuta yasivuje. Ilikuwa imevimba, laini kama andazi lililosahauliwa ndani ya chai.

"Raba ya mwaka mmoja haifi hivi," akasema.

Nikasugua yale mafuta kwa vidole. Yaliteleza vibaya. Mwezi wa kumi na moja, Mzee aliniambia niongeze mafuta ya breki, nami nikachukua chupa ya juisi iliyokuwa kwenye rafu. Nikaenda kuileta, nikamimina kidogo kwenye kikombe cha maji. Mafuta ya breki huchanganyika na maji yakapotea. Haya yakaelea, yakatoa macho kama mchuzi wa kuku.

Yalikuwa mafuta ya jeki, yanayovimbisha raba za breki.

"Mzee, ni mimi niliyeyatia."

Akakichukua kikombe, akakinusa. "Nani alitia mafuta ya jeki kwa chupa ya juisi?"

"Wewe."

"Na nani hakunusa?"

"Mimi."

Fancy alikuwa ameketi mlangoni mwa gereji, miguu yake iliyovimba imo ndani ya beseni. "Kukhu," akaniita mimi nyanya yake, "mkishamaliza kugawana makosa mniambie gari litaamka lini."

Mafuta mabaya yalikuwa yamepita kila mahali. Raba zote lazima zitoke: nane za magurudumu, mbili za masta. Nikamwaga mikebe yangu ya majani chai, ile ninamotenga raba kwa ukubwa. Vidole vyangu vinazijua kuliko macho. Tisa zikapatikana. Ya kumi nikaitoa kwenye silinda ya gari bovu la Datsun lililolala nyuma ya choo. Ilikuwa imehifadhiwa na mafuta yake halali, ngumu na nzima. Mipira ya paipu Mzee aliiminya, akasema itavumilia mpaka maduka yafunguliwe.

Tukaosha kila kitu kwa spiriti, tukapuliza paipu kwa pampu ya baiskeli. Mafuta halisi tulikuwa na kopo moja lenye lakiri yake. Nililifungua, nikalinusa kabla hajaomba.

Sasa kutoa hewa kwenye paipu. Mimi kwenye pedali, yeye kwenye nati. Kanyaga. Shika. Achia. Goti langu likalia, nikaliambia litalia kesho. Jua lilipogusa miti pedali ikasimama juu, ngumu kama jiwe, na kopo limebaki na kimo cha kidole.

"Nijaribu peke yangu kwa mteremko wa geti," akasema Mzee.

"Aliyeharibu ni mimi. Napanda."

Tukashuka mara tatu. Mara tatu likasimama pale pale nilipochora kwa mkaa.

Ijumaa tulitelemka kimya, Fancy nyuma amenishika bega. Kila kona Mzee alikanyaga, na kila kona nami nikakanyaga sakafu. Kwenye mlango wa hospitali gari likatulia kama mtu anayebisha hodi. Nesi akampokea Fancy. Mimi nikasukuma katoni zangu chini ya magurudumu, nikaketi kwenye nyasi.

Saa nne Mzee akaja mbio. "Mama Maxwel! Msichana! Mama yake mzima!"

Niliinama kwanza, nikavuta katoni moja moja.

"Nimesema msichana!"

"Nimesikia, Mzee. Ni kavu. Zote nne."

Halafu nikaenda kwenye mfereji, nikafungulia maji. Nikanawa kwa sabuni, nikanusa vidole. Nikanawa tena, nikanusa. Mara ya tatu havikunuka kitu. Ndipo nikaingia kumpokea mtoto.