Upana wa Kidole

Jino la kwanza la Nukta liling'olewa na mtu mwingine, siyo baba yake. Liling'olewa shuleni, saa nne asubuhi, na mwalimu wa darasa la kwanza, likarudi nyumbani ndani ya mfuko wa sweta, limefungwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari.

Fundi, baba yake, alikuwa amelisubiri jino hilo wiki mbili nzima. Kila jioni, akishanawa vumbi la mbao, alimwita mtoto, akamshika kidevu, akalisukuma jino kwa kidole gumba na kusema, "Bado." Alikuwa ni seremala na mambo yake aliyafanya kwa mpango. Uzi alikuwa ameshauchagua. Hata kiti cha kumkalisha mtoto alikuwa ameshakichagua. Sasa mtoto alisimama mbele yake na pengo jekundu, anacheka, na kazi imeshafanywa na mtu asiyejua kushika nyundo.

"Hata sikulia," Nukta alimwambia. "Mwalimu amesema mimi ni jasiri. Na sasa wote wananiita Pengo."

Jina la Nukta alimpa yeye, siku alipozaliwa mdogo kama kituo mwisho wa sentensi. Miaka sita jina lilidumu. Darasa la kwanza lililifuta kwa asubuhi moja.

Mkewe alipomwona amenuna mpaka sahani ikapoa, alimwambia jino limetoka, mtoto mzima, anataka nini tena, lirudishwe ang'oe upya? Fundi alijibu kwamba hana neno. Mwanamke akacheka. Alikuwa ameishi naye miaka kumi na minne, na alijua kwamba mume wake akisema hana neno, analo moja na limemkaa kooni.

Na kweli lilikuwepo, tena tangu shule ilipofunguliwa. Mpaka wiki tatu zilizopita mtoto alikuwa wake. Alikaa naye karakana, akichezea maranda, akimpa misumari mmoja mmoja. Kila kiti kilichokamilika walikijaribu pamoja: kiti kinawekwa sakafuni, Nukta anaweka juu yake glasi ya maji iliyojaa mpaka mdomoni, Fundi anagonga pembe zote nne kwa kiganja. Tone likidondoka, kiti hakitoki. Alimfundisha na ule msemo wake wa kazi, kwamba ukishakata umekata, mti haurefuki.

Sasa kila jioni wimbo ulikuwa mmoja. Mwalimu amesema tunawe mikono mpaka kwenye viwiko. Mwalimu amesema sita ikisimama kichwa chini inakuwa tisa. Mwalimu amesema majani hayafi, yanapumzika. Fundi, aliyeacha shule darasa la tano na hakuwahi kuijutia, alisikiliza huku anatafuna polepole. Habari ya sita na tisa aliijua yeye kabla huyo mwalimu hajazaliwa, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.

Wivu wa mtu mzima una aibu yake. Ukimwonea mtu wivu kwa sababu ya nyumba au mke, watu watakuelewa, hata wakikucheka. Lakini ukimwonea wivu mwalimu wa watoto wa miaka sita, utakwenda kumwambia nani?

Baya zaidi, wiki ileile ya jino mwalimu mkuu alimwita kazini. Shule yenyewe ilikuwa ndogo, vyumba vinne na ofisi, watoto sitini na kitu, na uwanja wenye miti iliyokuwa imeanza kugeuka rangi. Asubuhi zilikuwa zinataka sweta, na majani yalidondoka kiasi cha kumtosha mfagiaji kulalamika. Mwalimu mkuu, mama mnene wa maneno machache, alimwonyesha madawati kumi na moja yaliyolegea, na kiti cha mwalimu wa darasa la kwanza kilichokuwa kimekufa kabisa. Madawati yarekebishwe, kiti kitengenezwe kipya. Akampa stoo iliyo nyuma ya darasa hilohilo, ukuta mmoja, dirisha moja kati ya stoo na darasa.

Mwalimu alikuja kumsalimia siku ya kwanza. Kijana mwembamba wa miwani, mikono ya shati imejaa chaki. "Shikamoo, Fundi," akasema kwa adabu zote, na adabu ile ilimkera Fundi kuliko tusi, maana mtu akikutukana unapata pa kuanzia. Aliitikia na kuendelea kupiga randa.

Kiti alikitengeneza vizuri. Hilo lisemwe. Mkono wake haukujua kazi mbaya hata kama roho ilitaka. Kilikamilika Alhamisi, na vanishi akaipaka mpaka kwenye nyayo za miguu, mahali ambapo hakuna anayetazama, ili mti usinywe maji ya kudekia. Ijumaa masomo yalipokwisha, Nukta alikuja stoo na glasi. Fundi akagonga pembe nne. Maji yalitikisika, tone halikutoka. Mtoto akampigia makofi, na Fundi akajisikia mtu kwa mara ya kwanza tangu shule ifunguliwe. Jumamosi na Jumapili alilala vizuri.

Jumatatu, saa tatu, alikuwa anakifuta kiti vumbi ili akipeleke. Dirisha lilikuwa wazi. Darasa lilikuwa kimya, wanaandika. Akasikia sauti anayoijua kuliko zote duniani ikisema, "Baba, nimemaliza."

Aligeuka kabisa kutazama, akidhani anaitwa yeye.

Darasa zima lilicheka. Watoto wakapiga meza: amemwita Mwalimu baba! Na yule kijana, bila kunyanyua sauti, akasema, "Haya, mwanangu, lete nione."

Kila mwalimu wa wadogo ameitwa baba au mama mara mia. Ulimi wa mtoto huteleza, basi. Fundi angejua hivyo kama angengoja dakika tano. Hakungoja. Alikipindua kiti, akashika penseli, akapiga mstari kwenye mguu mmoja, upana wa kidole kutoka chini, akakata. Alikata polepole na kwa unyoofu, kama anavyokata siku zote. Kipande kikaanguka kati ya maranda. Akakirudisha kiti wima na kukisukuma, kikayumba. Akilini alimwona mwalimu akiyumba nacho mwaka mzima, hajui kwa nini, na kwa muda mfupi kidonda kikapoa.

Mlango ukafunguliwa, na mwalimu akaingia na watoto wawili wa kubeba.

"Fundi, twende wote," alisema. Watoto walishanyakua kiti na kutoka nacho. "Leo nina somo la kupima, na wewe ndiye mgeni wangu. Huyu binti yako amenimaliza. Tangu tufungue shule ni 'Baba amesema' tu. Nikiwaambia mstari unyooke, baba amesema penseli ichongwe kwanza. Juzi nilimwambia jino asubiri akang'olewe nyumbani. Akanijibu baba amesema kilicholegea kikibembelezwa kinauma zaidi, akanishika kidole akakiweka juu ya jino mwenyewe. Ningefanyaje? Nikavuta."

Fundi alisimama na msumeno mkononi. Maneno hayo ya kilicholegea yalikuwa yake, aliyasema juu ya mguu wa stuli, mwezi uliopita.

"Kiti hakijakauka," akasema.

"Tunaweka glasi tu, Fundi. Ameshawatangazia wenzake wote kwamba kiti cha baba yake hakimwagi tone."

Darasani watoto ishirini na wawili walikuwa wamesimama kuzunguka kiti. Nukta alikuwa katikati, glasi mikononi, imejaa mpaka mdomoni, anatembea kwa vidole.

"Vanishi mbichi, mama," Fundi alimwambia. "Acha, tutajaribu kesho."

"Imekauka, Baba. Ijumaa si tulijaribu?" Akaiweka glasi katikati ya kiti, akarudi nyuma hatua moja, akawatazama wenzake kama mtu aliyeleta shahidi. Kisha akagonga pembe kwa kiganja, vilevile alivyofundishwa.

Kiti kiliyumba. Glasi ikateleza, ikapinduka, maji yakaenda kwenye viatu vya mwalimu.

Halafu mtoto mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ya kuigiza, "Baba amesema!" na darasa likapasuka kwa kicheko.

Mwalimu aliwanyamazisha. Kwa wema akasema sakafu yao ndiyo mbovu, haiko sawa, hata kiti cha zamani kilikufa kwa sababu yake. Akamtazama Fundi amsaidie.

"Ndiyo," akasema Fundi. "Sakafu."

Nukta hakucheka wala hakulia. Alikisogeza kiti mahali pengine, akakisukuma, kikayumba. Akakipindua. Nyayo tatu zilikuwa za kahawia, zinang'aa. Ya nne ilikuwa nyeupe, mti mtupu, na vumbi la msumeno bado limeshika. Aliitazama kwa muda. Akamtazama baba yake, na msumeno aliokuwa bado ameushika. Kisha akakisimamisha kiti haraka, kabla mwingine hajainama kuona.

"Ni sakafu, Mwalimu," akasema.

Jioni walirudi nyumbani pamoja. Kwa kawaida Nukta alipiga mateke majani yote njiani. Siku ile aliyakanyaga tu.

"Ijumaa palikuwa na vanishi," alisema walipofika kona ya nyumbani.

"Palikuwa."

"Ulikata kwa nini?"

"Nilikasirika."

"Na kiti?"

"Na Mwalimu."

"Mwalimu alikufanya nini?"

Fundi alitafuta jibu. Alilipitia jino, akalipitia Pengo, akalipitia lile neno lililopita dirishani. Yote yalikuwa makubwa stoo. Hapa njiani, mbele ya mtoto mwenye begi mgongoni, hayakutosha hata kujaza kiganja.

"Hakuna," akasema.

Nukta alitembea kidogo. "Mti haurefuki, Baba," akasema. "Wewe mwenyewe ulisema."

Gharama yake ilikuwa hivi. Mguu mpya, alioupachika kwa siri, ulichukua asubuhi moja, na kiti kikakaa sawa. Mwalimu mkuu, kwa kuwa fundi alishasema ni sakafu, aliita waashi, wakaivunja na kuipiga upya sakafu isiyokuwa na kosa lolote. Saruji mifuko mitatu, na darasa la kwanza lilisoma nje siku nne, majani yakiwadondokea kwenye madaftari. Watoto wawili wakapata kikohozi. Karakana, glasi ilibaki rafuni na Fundi akawa anajaribu viti peke yake. Mwalimu alipokutana naye mwisho wa muhula alimwambia, kwa utani, kwamba siku hizi amepumzika, "Baba amesema" haisikiki tena.

Mpaka Nukta anamaliza darasa la pili, meno manane ya mbele yalikuwa yameng'oka. Moja aling'oa Mwalimu. Mawili aling'oa mama yake. Matano aling'oa mwenyewe, mlango umefungwa, akatoka ameshanawa mdomo. Fundi hakung'oa hata moja.