Flashi ya Mifumo Mitatu

Ilikuwa saa nne asubuhi, na nilibakiwa na saa mbili tu za kumzuia shemeji asitoke mahabusu.

Juzi alimvunja mdogo wangu taya. Polisi walimkamata, ila yeye akadai mke wake aliteleza ngazini, na mama yetu, ambaye siku hiyo alikuwa amewatembelea, akasema hivyohivyo. Nilijua mama anafunika kombe mwanaharamu apite. Mdogo wangu mwenyewe hawezi kusema, taya limefungwa kwa waya. Aliandika tu kwenye karatasi kwamba alipigwa. Mpelelezi, mwanamke mtu mzima asiyependa porojo, aliniambia neno la mmoja mbele ya wawili halifiki mbali. Nikileta ushahidi kabla ya saa sita, sawa. Nisipoleta, anamwachia aende zake nyumbani, na nyumbani ndiko mdogo wangu atakakorudishwa.

Ushahidi ulikuwepo, ila umefungiwa ndani ya laptop iliyokufa. Kamera ya sebuleni kwao huhifadhi video kwenye laptop ya mdogo wangu. Nilipokwenda kumchukulia nguo za hospitali niliikuta nyuma ya kochi, kioo kimepasuka, kona imebonyea. Shemeji ni mtu wa kupiga kwanza na kufikiri baadaye. Alivunja kioo akaiacha diski nzima. Mjinga yule, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba ni mjinga.

Mimi ni fundi kompyuta, nina chumba kimoja cha biashara na meza tatu. Windows ya laptop ile ilikuwa imeharibika, inazunguka tu bila kufunguka. Dawa yake ni kuiwasha kwa mfumo endeshi mwingine ulio kwenye flashi. Lakini mfumo upi? Laptop za umri ule zina kisirani: moja hukubali kitu, nyingine hukitema, na muda wa kuandaa flashi moja, ikataliwe, nianze nyingine, sikuwa nao. Nikaamua kupakia mifumo mitatu kwenye flashi moja. Ipo programu ya kazi hiyo. Inafuta flashi yote, inajipachika mwanzoni, kisha wewe unamwaga humo mafaili ya mifumo kama yalivyo. Ukiwasha kompyuta inakuletea orodha uchague. Niliweka Windows ya zamani, Windows mpya, na Linux, ambayo hufanya kazi ikiwa kwenye flashi bila kugusa diski.

Kunakili kulichukua dakika arobaini. Nilizunguka chumba nikimtukana shemeji, ukoo wake na mshenga wake.

Niliunga laptop kwenye skrini yangu, nikachomeka flashi, orodha ikaja. Windows mpya iligoma. Ya zamani ikaleta rangi ya bluu na maandishi ya kujitetea. Linux ikawaka. Diski ikafunguka, folda ya kamera ikaonekana, na video ya juzi ilikuwamo. Nikaanza kuihamishia kwenye flashi ya pili.

Hapo ndipo mama alipoingia. Aliitazama skrini, akaitazama laptop, akaniambia niache. Nilimjibu kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sasa yeye wake uko wapi? Alichukua nyundo mezani akaipiga skrini, ikapasuka katikati. Nikamshika mkono akielekea kwenye laptop, akaning'ata begani mpaka nikasikia nyama inaachia. Pigo la pili lilinipata vidole viwili vya kushoto. Tulianguka wote kwenye rundo la kompyuta mbovu, yeye juu, akinyoosha mkono kuzichomoa flashi, na mimi nikampiga mama yangu. Nilimpiga kofi kwa nguvu zangu zote. Kichwa chake kiligonga mguu wa meza, akakaa sakafuni akitema damu, na nyundo nikaitupa nje.

Laptop ilikuwa bado inafanya kazi. Niliiunga kwenye skrini nyingine kwa mkono mmoja. Video ilikuwa imeshahamia yote, nikaifungua ili nijue mama anapigania nini.

Shemeji anampiga mdogo wangu ngumi mbili za tumbo, anamvuta nywele. Mdogo wangu anajinasua, anakimbilia mlangoni. Mama anatokea jikoni. Anamkamata mdogo wangu mikono yote miwili kwa nyuma, anaikaza kifuani kwake. Shemeji anaokota pasi.

"Nilimshika ili atulie," mama alisema kutoka sakafuni. "Baba yenu alinipiga miaka ishirini na mbili. Anayetulia hupigwa kidogo."

Kukata video kwangu ni kazi ya dakika mbili, na nakiri nilitafuta pa kukata. Nilirudisha nyuma mara nne. Hapakuwa na mahali. Pasi ilitua kwenye taya la mdogo wangu akiwa bado mikononi mwa mama.

Nilichomoa flashi ya video nikatoka. Mama alinifuata hatua chache nyuma, mdomo umevimba, hakuniomba kitu. Saa sita kasoro robo mpelelezi aliitazama video pale kaunta, akaisimamisha kwenye ile mikono. Aliniuliza huyu anayemshika ni nani. Niliinamisha macho kwenye vidole vyangu.

"Ni mimi," mama alisema nyuma yangu. "Mimi ndiye niliyemzaa."

Mpelelezi aliinua kibao cha kaunta akampitisha ndani. Shemeji hakutoka siku ile. Nami nilikaa kwenye benchi, vidole vimevimba, nikamlilia mama, na hasira yangu naye ilikuwa bado haijapungua hata kidogo.