Bei ya Sarafu Isiyoguswa

Jumanne asubuhi, soko la Kasongo likiwa bado na matope ya mvua ya usiku, Dieudonnée alifungua fundo la kitenge ndani ya kiduka cha Kamaldine, mnunuzi wa dhahabu na vitu vya zamani, akatoa sarafu moja ya shaba yenye tundu katikati. Iling'aa kama sufuria ya harusi. Alikuwa ameisugua kwa majivu na ndimu tangu jana, maana kijijini kwao, Wamaza, mwanamke hapeleki kitu kichafu mbele ya watu. Alitaka mabati. Paa lilikuwa limeoza na mvua ilimnyeshea mjukuu wake kitandani.

Kamaldine aliitazama kwa kioo cha kukuzia, akashusha pumzi kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Mama, nani alikutuma kuosha hii?"

"Ningekuletea uchafu?"

"Ule uchafu ndiyo ngozi yake! Umeichuna kama mbuzi. Na angalia, nyota imelika, maandishi yamelika. Imepita mikono mingi. Franka elfu kumi."

"Elfu kumi! Hata bati moja hainipi!"

Ndipo Bulaimu akaingia. Alikuwa babu wa marehemu mume wake Dieudonnée, mpagazi, naye alikufa kabla ya soko lile kujengwa. Kichwani alibeba sanduku la misumari, kwa hiyo mlangoni ilibidi apige magoti. Kamaldine akamsogezea kiti, akamkaribisha. Bulaimu alishukuru, akabaki wima.

"Imelika kwa sababu niliishika," akasema. "Nilitoka na sanduku hili Kabambare mpaka Nyangwe. Wenye kampuni walisema sarafu nne, wakanipa moja. Njia yote ya kurudi niliisugua na kidole gumba, nikijiuliza zile tatu ziko wapi."

"Pole, mzee. Lakini sarafu haiulizwi ilitumika kwa nini. Inaulizwa imetumika kiasi gani."

"Sasa ile ya bei iko namna gani?" Dieudonnée akauliza, mkono kiunoni.

Kamaldine akavuta mtoto wa meza, akatoa sarafu tatu, kila moja ndani ya kifuko cha plastiki.

"Kama hizi. Ona wekundu wake, utasema zimetoka kwa fundi leo. Zilikutwa ndani ya kasha, chini ya sakafu ya kampuni fulani iliyokufa zamani. Hazikulipwa mutu hata mumoja. Dola themanini kila moja."

Bulaimu akainama taratibu. Misumari ikalia sandukuni.

"Hizi ni zangu."

"Sikatai, mzee," Kamaldine akasema, na kweli hakukataa. "Lakini wangekulipa, leo zingekuwa kama hii ya mama, elfu kumi. Kutolipwa kwako ndiyo kumezitunza."

Dieudonnée akapiga kofi moja, lile la mtu aliyechoshwa.

"Eeh! Wakikulipa, hasara. Wasipokulipa, faida, tena si yako! Kamaldine, wewe una mama kweli?"

"Niko naye. Anakusalimia."

Akaongeza franka elfu mbili kwa heshima ya shingo ya marehemu, akarudisha zile tatu mahali pake. Dieudonnée akapokea, mnunuzi mwingine hakuwepo.

Nje, mwenye pikipiki akamtazama Dieudonnée, akamtazama Bulaimu, akalitazama sanduku, akadai nauli ya watu wawili na mzigo.

"Huyu alikufa!"

"Alikufa, sawa, lakini anakalia kiti, mama. Na misumari ina kilo. Nitawafikisha mahali pesa itaishia."

Pesa iliishia mbali sana na Wamaza. Wakateremka. Wingu jeusi lilikuwa limesimama upande wa nyumbani, halina haraka. Bulaimu akatangulia, shingo imenyooka, misumari ikilia kila hatua, mpaka Dieudonnée uvumilivu ukamwisha.

"Babu, tua basi huo mzigo!"

"Nikitua kabla ya zile tatu," Bulaimu akasema bila kugeuka, "watasema sikufikisha."