Shati Bichi, Chai ya Rangi

Garsen nzima hakuna anayejua kuficha jambo kunishinda mimi, Liban. Siri ikiingia kwangu imezikwa.

Basi joto lile la baada ya mafuriko ya El Nino, mimi huyo nimevaa koti.

"Liban, unaatamia mayai?" akauliza Kitsao, rafiki yangu anayelima ng'ambo ya mto.

"Nina baridi, bwana."

Baridi gani! Chini ya koti shati lilikuwa bichi kifuani. Maziwa. Mimi, kidume mwenye ndevu zangu! Na nilijua ni vile vidonge. Wakati wa mafuriko, sauti kichwani ziliniamuru nivuke Tana kwa miguu. Mama na Kitsao wakanivuta kutoka majini, hospitali ikanipa dawa, sauti zikanyamaza. Sasa nichague: niwe kichaa au mama mnyonyeshaji? Nikakata shauri kuacha dawa.

Jioni Mama akanisogelea, akanusa.

"Maziwa haya ya wapi?"

"Nilibeba kibuyu cha watu."

"Ng'ombe wako malisho ya mbali, mtaa mzima unakunywa chai ya rangi! Vua koti, mwanangu."

Nikavua. Hakucheka. Akanifunika kwa leso yake, na asubuhi akanipeleka kwa Daktari Enos.

"Si wewe wa kwanza," Enos akasema. "Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, kama punje ya kunde. Hiyo ndiyo hutoa prolaktini, homoni ya maziwa, hata kwetu wanaume. Ubongo huizuia isizidishe. Dawa yako inanyamazisha sauti, lakini inalegeza na kile kizuizi."

"Kama kamba ya ndama," Mama akasema. "Ikilegea, ndama anafika kwa mamake, maziwa yanashuka."

"Hasa! Tutapunguza kipimo polepole. Usiache ghafla, sauti zitarudi."

Shati likakauka. Sauti hazijarudi. Juzi ng'ombe walirejea, na Mama akapika chai ya maziwa ya kweli. Nikasimama na kikombe changu.

"Mama, Mungu akulipe. Ungecheka siku ile, ningekuwa mtoni tena. Kitsao, nawe asante kwa kunivuta. Lakini na mimi nisifiwe kidogo: sijatupa kidonge hata kimoja."

Kitsao akaweka kikombe chini. "Kweli kabisa, Mama Liban. Ila wale kambare wa pale kivukoni, tangu siku ya koti, ukiwavua hawashtuki hata kidogo. Wametulia!"

Hapo sasa Mama akacheka, mpaka chai ikammwagikia.